SOMO: Kuchonga njia ya pikipiki na kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) kilimani isigeuke mto

Kila mvua ikinyesha naletewa picha ileile: korongo katikati ya njia, na swali "nimwage kifusi?" Usimwage, kitaondoka na mvua ijayo. Naandika mara moja, tusisumbuane tena.

1. Tembea eneo lote kwa miguu, ikiwezekana mvua inanyesha.

2. Pima mteremko kwa kipimo, si kwa jicho. Njia ikate ubavu wa kilima, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu. Ubavu una asilimia 16, yaani unapanda mita 16 kwa kila mita 100 za usawa? Njia iishie 8. Ukipita hapo maji hayavuki njia, yanaifuata. Wastani wa njia nzima usizidi asilimia 10.

3. Funga utepe njia itakapopita, fyeka.

4. Kwangua majani na udongo mweusi mpaka udongo mgumu. Upana wote uchongwe ndani ya kilima. Ukingo uliojazwa kifusi tairi litaubomoa.

5. Mabonde ya kutolea maji. Hapa niliharibu. Njia yangu ya kwanza niliiwekea matuta mafupi, makali, nikajisifu. Vijana wakayageuza ya kurukia. Tairi zikawa zinatua palepale, pakachimbika shimo, shimo likawa dimbwi, watu wakalikwepa kwa pembeni. Msimu haujaisha njia moja imekuwa tatu. Sasa nachimba bonde refu linaloshuka taratibu, na nyuma yake tuta pana ambalo chombo kinalipanda bila kuruka. Nalishindilia udongo ukiwa na unyevu, mkavu haushikani.
ONYO: usiweke bonde kwenye kona. Mdomo wake, pale maji yanapotokea nje ya njia, usielekee kijito, tope lote litaishia humo. Wala usitegemee kuinamisha njia kuelekea upande wa chini wa kilima peke yake: tairi zikishachora mifereji, maji hayatoki tena.

6. Mvua ya kwanza ikipita, rudi na jembe uzibue midomo.

MASWALI

Tairi_Kipara: Mkuu, kwa hiyo nikimwaga kifusi kwenye korongo itasaidia?
— Soma mstari wa kwanza.

Tairi_Kipara: Nimeuliza tu, mbona ukali?
— Sina ukali. Yatoe maji kwanza huko juu, ndipo ujaze.

Mama_Sururu: Shikamoo mwalimu. Mabonde yapishane umbali gani? Udongo wetu ni kichanga.
— Marahaba, hilo ndilo swali. Hakuna kipimo kimoja: mwinuko ukizidi na udongo ukilegea, yasogeze karibu. Kichanga kinataka mengi. Angalia mifereji inapoanza kujichora, bonde likae juu ya hapo.

Mama_Sururu: Na yale mawimbi-mawimbi kwenye sehemu iliyonyooka?
— Ni mwendo kasi na breki. Kusawazisha peke yake hakutoshi, yatarudi. Pinda njia kidogo, wapunguze mwendo wenyewe.

Kwadi_Mbili: Nyongeza: njia ya zamani mkiifunga, lazeni magogo na matawi mpaka mbali jicho linapofika. Ukiziba mlangoni tu wanazunguka.
— Kweli kabisa. Na mtifue udongo wake kwanza, nyasi hazioti palipokanyagwa.