Chapli: kababu bapa za Peshawar

Chapli ni kababu za Wapashtuni, kuanzia Peshawar na Mardan, Pakistan, hadi Jalalabad, Afghanistan. Hazichomwi kwenye mishikaki. Hubapazwa kwa kiganja, zikakaangwa kwenye karai pana la chuma lenye mafuta ya ng'ombe. Kinachowashinda wengi ni maji: kitunguu na nyanya vikishayaachia, kababu inasambaratika.

1. Mwambie muuza nyama akusagie kilo 1 ya ng'ombe mara moja tu, kwa tundu kubwa, robo yake iwe mafuta. Kima laini cha sambusa hakifai hapa.

2. Kaanga bila mafuta vijiko 2 vya chakula vya mbegu za giligilani na kijiko 1 cha bizari nyembamba mpaka vinukie, kisha vitwange. Usivifanye unga. Mbegu ya giligilani ipasuke vipande viwili vitatu, uikute jinoni. Twanga pia vijiko 2 vya punje za komamanga zilizokaushwa. Ukienda maduka ya viungo ya Wahindi, ulizia anardana. Uchachu wa chapli unatoka humo. Wapo wanaokamulia ndimu badala yake. Mimi siikubali, maana inaongeza maji yale yale tunayoyakimbia.

3. Katakata vitunguu maji 2, vinyunyizie chumvi, viache dakika 10, kamua kwa kitambaa. Nyanya 2 ngumu zitolewe mbegu na ute, zikatwe vipande vidogo.

4. Changanya nyama, viungo, vitunguu, pilipili mbichi, majani ya giligilani, chumvi, yai 1 na nusu kikombe cha unga wa mahindi. Ndiyo, sembe ile ile ya ugali. Kanda dakika 5, weka kwenye friji saa 1. Nyanya zitie mwisho kabisa, karai likiwa tayari jikoni.

5. Lowesha viganja, bapaza donge lizidi kidogo upana wa kiganja, kwani litasinyaa. Bandika slesi ya nyanya nyingine juu. Kaanga kwa moto wa wastani, mafuta yafike nusu ya unene wa kababu. Usiiguse mpaka kingo ziwe kahawia, kama dakika 4, ndipo ugeuze. Anza na moja ya kuonja: ikivunjika, ongeza kijiko cha unga kwenye nyama iliyobaki.

Ziliwe zikiwa moto, kwa naan au mkate wa ajemi, vitunguu vibichi na mtindi wenye nanaa. Wenyewe huteremshia chai ya kijani yenye iliki.