Somo: Kubadilisha kapeti ya MGB bila kuiharibu kapeti wala gari

Swali la kapeti ya MGB, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, linarudi humu kila mara, na majibu yangu ni yale yale. Leo nayaweka yote pamoja. Nazungumzia MGB ya wazi yenye usukani kulia, ila mengi yanafaa pia kwa GT, yaani MGB yenye paa la bati, na kwa Triumph za zamani, nazo gari za Kiingereza. Kiwanda cha Abingdon kiliacha kuziunda mwaka 1980, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina sakafu iliyopita miaka arobaini. Kazi ya kapeti huanzia kwenye bati.

1. Chomoa betri. Ziko nyuma ya viti chini ya kifuniko. Gari nyingi za kabla ya 1975 zina mbili za volti 6.

2. Toa viti. Bolti nne kila kimoja. Zikikataa, zimwagie mafuta ya kulainisha kutu uziache zilale. Vile vipande vya kuinulia reli za kiti vitunze kwa mpangilio wake.

3. Ng'oa kapeti ya zamani taratibu. Nyuma ya kila kipande andika mahali kilipotoka. Usitupe hata kimoja mpaka gari ikamilike, maana hivyo ndivyo vipimo vyako.

4. Tafuta maji yanapoingilia. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira kwenye kioo cha mbele na kwenye tundu la hewa mbele ya kioo. Chini ya tundu hilo kuna kibomba cha kutolea maji ya mvua. Kikiziba kwa majani na vumbi, maji hujaa na kushukia miguuni, na wengi hulaumu mpira wa kioo bure. Pitisha waya laini ukizibue. Kama unyevu wenyewe unateleza na unanukia utamu, hiyo si mvua, ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Tengeneza hita kwanza.

5. Kutu: brashi ya waya, msasa, praima, rangi. Palipotoboka pachomelewe bati.

6. Anika kapeti mpya juani mikunjo ilegee, kisha panga vipande vyote mahali pake bila gundi. Pitisha kiganja juu ya manyoya: yote yalale upande mmoja. Vipande viwili vya roli moja, kimoja kikiwa kimegeuzwa, vitaonekana rangi mbili.

7. Gundi. Anza na mgongo wa giaboksi (lile tuta la bati katikati ya sakafu), halafu kuta za mbele, matao ya magurudumu, vizingiti vya milango, malizia nyuma. Tumia gundi ya mpira inayostahimili joto. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa kwa kidole haikamati, ndipo ushikishe kuanzia katikati kwenda kingoni. Ikishashika haisogei tena. Fanyia kazi nje au milango ikiwa wazi, na pasiwe na moto wala sigara, mvuke wake unawaka.

8. Matundu. Hapa ndipo kapeti nyingi hufia, kwa hiyo soma polepole. USITUMIE DRILI KWENYE KAPETI. Kekee inashika uzi mmoja, inauzungusha na kuuvuta, na kufumba na kufumbua una mstari wa upara kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Hakuna fundi wa kuurudisha. Tafuta tundu la bolti kwa kidole, penyeza shazia juu yake mpaka uhakikishe imezama katikati, kisha kata msalaba mdogo kwa wembe. Kapeti ya nailoni ifunge kingo kwa ncha ya moto ya chuma cha kulehemu; ya sufu haiyeyuki, itie gundi kidogo tu. Bolti nayo huweza kukamata uzi, kwa hiyo izungushie karatasi ngumu wakati wa kuipitisha. Fanya tundu moja, ingiza bolti bila kukaza, ndipo uende la pili. Ukikata yote manne kwa mkupuo na kapeti ikasogea kidogo tu, reli haikai.

Onyo lingine: kabla ya kutoboa bati kwa ajili ya vifungo vipya, lala chini ya gari utazame. Bomba la petroli, bomba la breki na waya mnene wa betri vinapita huko.

9. Vipande vya sakafuni visigundishwe. Vinakaa kwa vifungo vya kubonyeza ili uvitoe ukavianike. Mwisho kanyaga pedali zote hadi chini. Kapeti ikigusa pedali ya mafuta hata kidogo, punguza. Pedali iliyonasa inaua.

MASWALI (kila muulizaji nimemtaja kwa mji wake)

Thika: Mkuu, lazima kutoa viti? Jumapili gari inatakiwa Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri.
Jibu: Lazima. Hatua ya 2.

Thika: Na gundi nikipaka kila mahali, hata sakafuni?
Jibu: Hatua ya 9. Tafadhali soma kwanza, ndugu.

Nakuru: Fundi wangu ametoboa kwa drili miaka yote, hajawahi kupata shida. Unatisha watu.
Jibu: Huenda alitoboa kapeti zilizogundishwa nyuzi kwa nyuma. Zenye vishungi vya uzi mrefu hufumuka. Kapeti ni yako, chukua kipande cha kutupa mjaribie hapo, kisha utuambie.

Muscat: Shikamoo mzee. MGB yangu ilitoka Marekani, usukani kushoto. Nimepata seti nzuri Uingereza ila ni ya usukani kulia. Itafaa?
Jibu: Marahaba binti, umefanya vema kuuliza kabla ya kulipa. Vipande vya nyuma vitafaa. Vya mbele hapana: kile kibandiko cha kukanyagia kisigino kitaangukia kwa abiria, na mikato ya pedali itakuwa upande usio wake. Omba ya usukani kushoto, zipo tele, kwa kuwa MGB nyingi ziliuzwa Marekani.

Moshi: Kwa nini kapeti kwenye mgongo wa giaboksi hupanda viputo baada ya muda?
Jibu: Joto. Giaboksi na ekzosi vinachemsha bati, gundi ya kawaida inalegea, na kapeti iliyovutwa kwa nguvu inarudi ilivyokuwa. Ilaze, usiivute. Ukiweka karatasi ya kuzuia joto chini yake utasaidika pia miguuni.

Tanga: Huku seti hatupati. Nimenunua kapeti ya mita.
Jibu: Vizuri kabisa. Chagua isiyo na mpira mgumu nyuma, maana hiyo haikunjiki kwenye matao. Kata kwa kufuata vipande vya zamani, mpelekee fundi wa viti akushonee ukanda kingoni. Chini weka sponji isiyonyonya maji, hasa huko pwani.

Moshi: Nyongeza kwa wenye gari za 1962 hadi 1967: kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kiko chini ya kizibo cha mpira, juu ya mgongo. Msikifunike.
Jibu: Asante sana, hili nimelisahau. Kata kapeti pande tatu, uache upande mmoja ukiwa umeshika, iwe kama kifuniko cha kuinua.