Siku Tano Ziwani kwa Mtumbwi, Bila Haraka

Chukua ramani, pima njia unayoitamani, kisha ikate nusu. Safari yangu ya kwanza niliipangia kilomita 25 kwa siku, hesabu za mtu aliyekaa mezani. Siku ya pili upepo ulitufungia kwenye kisiwa tangu asubuhi hadi jioni, na ya tatu tukapiga kafi mpaka gizani ili kufidia. Sikumbuki ziwa hata moja la siku hiyo. Nakumbuka mabega. Sasa napanga kilomita 10 au 12, na katika siku tano, moja haina mwendo kabisa.

Watu wawili wenye mizigo huenda kama kilomita 4 kwa saa maji yakitulia; upepo ukiwapiga usoni, hesabuni nusu ya hapo. Upepo wa ziwani mara nyingi huamka jua likishapanda na kulala jioni. Kwa hiyo saa 12 asubuhi niko majini, saa 5 hema limesimama, na mchana wote ni wa kuvua samaki na kusinzia. Anayetaka kulala mpaka jua kali atalipa kwa mikono yake.

Palipo na nchi kavu kati ya ziwa na ziwa, mtabeba kila kitu. Mkigawa mizigo kwa safari mbili, njia ya kilomita 1 inakuwa 3: mnakwenda na mzigo, mnarudi mikono mitupu, mnakwenda tena. Ile ya kurudi ndiyo watu huisahau wanapopanga. Mtumbwi mwepesi hubebwa na mtu mmoja, umegeuzwa kifudifudi juu ya mabega. Chupa, kofia, sufuria, vyote viingie begini. Kinachoning'inia ndicho kinachobaki porini. Mimi huhesabu kwa sauti kabla ya kuondoka kila mahali: mabegi matatu, makafi matatu, la tatu likiwa la akiba. Mwenzangu hunicheka, lakini hatujapoteza kafi tangu nianze.

Ndani ya kila begi tandika mfuko mzito wa plastiki kabla ya kutia nguo na blanketi. Begi zito likae katikati, chini kabisa, na tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, izame zaidi kidogo kuliko omo, yaani mbele. Upepo ukitoka mbele, sogeza mzigo kidogo kuelekea omo, la sivyo pua ya mtumbwi itapeperushwa huku na huku. Aliye tezi ndiye nahodha: kila mwisho wa pigo, ageuze bapa la kafi na kulisukuma nje, kama mkia wa herufi J, mtumbwi urudi kwenye mstari. Mawimbi yakianza, pigeni magoti sakafuni na mfuate ufuko, hata kama njia inarefuka. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto. Maji ya baridi humkata mtu pumzi kabla hajakumbuka kuogelea. Radi ikisikika, tokeni majini, msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mkifika kambini, tazameni juu kwanza: tawi lililokufa lisiwe juu ya hema. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima. Chakula kiningʼinizwe mita 4 kutoka chini na mita 2 kutoka kwenye shina. Vyombo huoshwa, na shimo la choo huchimbwa, angalau mita 60 kutoka ziwani. Shimo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20.

Halafu mtumbwi: uvuteni juu, ugeuzeni, ufungeni kwenye mti. Usiku mmoja niliona uvivu kutafuta kamba. Alfajiri tuliukuta umesimama katikati ya ghuba, na mimi nikaufuata kwa kuogelea, nikitetemeka, mwenzangu akinisimamia ufukoni bila neno. Upepo ungekuwa wa kutoka nchi kavu kwelikweli, tungekuwa wenyeji wa kisiwa.

Ile siku isiyo na mwendo msiijazie ratiba. Sisi hutoka jioni na mtumbwi mtupu, bila ramani. Ila bila mizigo huyumba kwa urahisi, kwa hiyo msiende mbali na ufuko.