Kabla ya kulipia nyumba Dar, panda darini

Ukipata nyumba ya kununua Dar es Salaam, usiishie kuiangalia kiangazi. Ukiweza, rudi masika, Machi hadi Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Hapo utaona maji yanatuama wapi na kama choo kinarudisha. Waulize na wapangaji wa jirani. Wao hawana cha kukuuzia.

Rangi mpya isikutulize. Papasa ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti: plasta ikimeguka kama unga, au ukiona weupe wa chumvi, unyevu huenda unapanda kutoka kwenye msingi, na kupaka rangi upya hakuuponyi. Nyufa nyembamba za plasta zisikukimbize. Ila ufa unaopanda kama ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaoingiza kidole kwenye kona ya dirisha, mwitie mhandisi aliyesajiliwa. Tafadhali mtafute mwenyewe, asiletwe na dalali.

Darini nenda na tochi na bisibisi. Choma mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa. Bisibisi ikizama kirahisi, mchwa au uozo umeshafanya kazi yake. Na kama nyumba iko karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, kagua nguzo na linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha: zege likibanduka, mara nyingi nondo ndani zimeshika kutu kwa chumvi, na kuzirekebisha ni gharama kubwa.

Ripoti ya mhandisi uipate kwa maandishi kabla hujatoa hata kishika uchumba. Kasoro zilizomo ndizo utakazopunguzia bei.