Barua ya babu yenye sahihi: kabla hujaipeleka mnadani

Ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, ukikuta kwenye sanduku la babu barua yenye sahihi ya Mwalimu Nyerere, au hati ya enzi za Mjerumani, tafadhali usiikimbize stesheneri kupigwa laminesheni. Nimeishika moja ya hivyo Mafinga, na roho iliniuma: gundi ilikuwa imeshaingia kwenye karatasi, haitoki tena. Selotepu nayo hivyo hivyo. Iache na mikunjo yake, na bahasha yake usiitupe, maana stempu na muhuri wa posta ndivyo vinavyosimulia ilikotoka.

Kisha isogeze dirishani, uitazame sahihi kwa lenzi. Wino wa kalamu hukolea hapa na kufifia pale, mistari inapopishana utaiona. Sahihi iliyochapwa kwa mashine, kwa kawaida huwa vinukta vitupu.

Nyumba ya mnada iulize mapema kamisheni yake, gharama za picha na bima, na mwandikiane bei ya chini ambayo chini yake haiuzwi.

Ila jalada lililotoka ofisi ya serikali, hata kama limelala kwenu miaka 50, si lenu kuuza. Hilo lirudishwe Nyaraka za Taifa.