Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutafuta Rekodi za Ukoo Katika Kaunti za Marekani

Marekani haina daftari moja la taifa linaloandika vizazi, ndoa na vifo vya watu wake. Kazi hiyo ni ya majimbo, na majimbo mengi kwa miaka mingi yaliiacha mikononi mwa kaunti, ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, yenye makao makuu yake, mahakama yake na karani wake. Kwa hiyo anayefuatilia nasaba ya familia iliyoishi huko, pengine kwa sababu watoto wake wana babu na bibi wa Kimarekani, anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kujaza fomu yoyote: tukio lilitokea mwaka gani, na mahali lilipotokea palikuwa katika kaunti ipi mwaka huohuo. Barua nyingi hujibiwa kwamba rekodi haikuonekana kwa sababu tu zimepelekwa kwenye ofisi ambayo siku ile haikuwa na jukumu la kuandika.

Mwaka ndio unaoonyesha ofisi. Massachusetts ilianza usajili wa jimbo zima mwaka 1841, Pennsylvania ikaanza 1906, na Georgia ikasubiri hadi 1919. Ohio inaonyesha vizuri jinsi jukumu lilivyohama: kuanzia 1867, vizazi na vifo viliandikwa na mahakama ya mirathi ya kila kaunti, mpaka tarehe 20 Desemba 1908 usajili ulipoingia mikononi mwa jimbo. Mtu aliyefariki huko Novemba 1908 na mwingine aliyefariki Januari 1909, hata kama walikaa nyumba moja, wanatafutwa katika mikusanyo miwili tofauti. Pennsylvania nayo iliandikisha vizazi na vifo katika kaunti kati ya 1893 na 1905. Ni vyema kuandika pembeni ya kila jina kwenye mti wa ukoo mwaka ambao jimbo husika lilianza usajili wake, ili usiagize cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa kabla vyeti havijakuwapo.

Mipaka nayo ilikuwa ikibadilika. Kaunti kubwa ziligawanywa kadiri watu walivyoongezeka, na kwa kawaida madaftari ya zamani yalibaki katika kaunti mama. Shamba ambalo halikuhama hata hatua moja linaweza kuwa na kumbukumbu zake katika miji mikuu miwili au mitatu ya kaunti. West Virginia yote ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1863. Jiji la St. Louis, jimbo la Missouri, lilijitenga na kaunti yenye jina hilohilo katika miaka ya 1870, na mpaka leo ni tawala mbili. Huko Louisiana migawanyo ya aina hii huitwa parokia ingawa ni ya kiserikali, na Connecticut rekodi za vizazi na vifo hutunzwa na karani wa mji, hivyo kuiandikia kaunti hakuna faida. Tafuta pia kama jengo la mahakama liliwahi kuungua. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza rekodi za Kaunti ya Cook, na katika hali kama hiyo ni busara kugeukia mapema vitabu vya ubatizo na vya makaburi.

Kabla ya kwenda kaunti, zungumza na wazee na ukusanye vilivyomo nyumbani, kama Biblia ya familia yenye majina yaliyoandikwa kwa mkono, barua, na tangazo la msiba lililokatwa gazetini. Kisha tumia sensa kuipunguza miaka ya kutafuta. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na miaka ambayo wanandoa wamekaa pamoja. Ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921, hivyo kuna pengo la miaka ishirini ambalo rekodi za kaunti ndizo zinazoweza kuliziba, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana. Sensa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022.

Andaa orodha ya namna zote ambazo jina la ukoo lingeweza kuandikwa, maana karani aliandika alivyosikia, na mhamiaji aliyetoka Poland au Ujerumani hakuwa na uwezo wa kumsahihisha. Katika madaftari ya vizazi ya zamani mtoto mara nyingi hana jina la kwanza. Ameandikwa kuwa mtoto wa kiume au wa kike wa fulani, kwa hiyo tafuta kwa jina la baba na la ukoo wa mama.

Ndoa ina kumbukumbu za kale zaidi kuliko kuzaliwa, kwa kuwa kaunti nyingi ziliziandika tangu zilipoanzishwa. Mara nyingi arusi ilifanyika nyumbani kwa bibi arusi, basi anza na kaunti ya wazazi wake. Tofautisha kibali cha kuoa na taarifa ya mfungishaji ndoa: kibali kinaonyesha nia tu, taarifa ndiyo inayothibitisha kwamba ndoa ilifungwa.

Familia za Wamarekani Weusi zinahitaji maandalizi ya ziada, na jambo hili lisichukuliwe kijuujuu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina waliokuwa watumwa; katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 anatajwa mmiliki, na mtumwa anaonekana kwa umri, jinsia na rangi peke yake. Kwa sababu sheria haikuzitambua ndoa za utumwani, mwaka 1866 Virginia na North Carolina ziliandikisha wanandoa waliokwisha kuishi pamoja, na baadhi ya madaftari hayo yamesalia katika kumbukumbu za kaunti. Katika majimbo ya Kusini ndoa za Weusi mara nyingi ziliwekwa kwenye kitabu cha peke yake, kwa hiyo ukiambiwa jina halimo, uliza ni kitabu kipi kilichoangaliwa. Kwa kizazi cha kabla ya uhuru wa watumwa, tafuta pia wosia na orodha za mali za mmiliki katika mahakama ya mirathi. Inauma kumkuta bibi wa bibi yako ameorodheshwa pamoja na ng'ombe, lakini huenda ndiyo karatasi pekee iliyolihifadhi jina lake.

Sheria za faragha ziangaliwe kabla ya kulipa chochote. Illinois huruhusu utafiti wa nasaba katika vizazi vilivyotimiza miaka 75, ndoa miaka 50 na vifo miaka 20. Pennsylvania hufungua vifo baada ya miaka 50 na vizazi baada ya 105. Rekodi ikiwa bado imefungwa, huenda ukatakiwa kuonyesha kitambulisho na uthibitisho wa udugu. Angalia kwanza tovuti ya nasaba ya FamilySearch, ambayo haitozi ada na ina picha za madaftari mengi ya kaunti. Ukiandika barua, omba nakala ya daftari lenyewe badala ya cheti kilichochapwa upya, kwa kuwa ukurasa wa asili huwa na shahidi, mkunga au maelezo ya pembeni ambayo cheti kipya huyaacha.

Jibu likiwa hapana, soma ni miaka gani iliyopekuliwa, kisha uombe miwili mitatu kabla na baada yake. Uliza pia kuhusu usajili uliochelewa: baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, iliyoleta pensheni ya uzeeni, watu wazima wengi waliozaliwa bila cheti walijiandikisha ukubwani kwa ushahidi wa ndugu, na rekodi hizo mara nyingi zimewekwa chini ya mwaka waliojiandikisha.