Kutoka kwenye msaada wa siku moja hadi kwenye mkutano wa mtaa: mwongozo kwa wanafunzi wa vyuo Dodoma

Wanafunzi wa vyuo vya Dodoma wana desturi nzuri ya kuchangishana mara boom (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) inapoingia, wakanunua sabuni, unga, sukari na mafuta, kisha wakaenda kutembelea makao ya watoto au wagonjwa hospitalini. Desturi hiyo isiachwe. Hata hivyo, mtoto aliyepewa madaftari Jumamosi anaweza kurudi Jumatatu katika shule yenye vyoo visivyotosha, na suala la vyoo hujadiliwa katika vikao ambavyo wengi wa waliomtembelea hawajawahi kuhudhuria. Maelezo haya yanakihusu kikundi kidogo, tuseme watu watano hadi kumi, kinachotaka kuingia katika vikao hivyo.

Aliyepanga chumba Ng'ong'ona au Makulu aanze kwa kutambua kwamba yeye si mgeni pale. Kwa utaratibu wa mamlaka za miji, mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na hutakiwa kuitishwa walau mara moja kila baada ya miezi miwili. Nendeni ofisi ya mtaa mkiwa wawili tu, asubuhi ya siku ya kazi, na mchukue barua ya utambulisho kutoka kwa mshauri wa wanafunzi. Jitambulisheni kwa mwenyekiti, ambaye amechaguliwa na wakazi, na pia kwa mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Asiyejua tofauti ya kazi zao hupigwa danadana kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mkiwakuta wazee wa Kigogo, waamkieni "mbukwenyi" hata kama mmetoka Kagera au Mtwara. Watacheka matamshi yenu, lakini watawapa kiti. Kofia na fulana za chama chochote zibaki geto.

Katika mkutano wa kwanza, sikilizeni tu. Andikeni ajenda, taarifa ya mapato na matumizi kama imesomwa, na kila ahadi iliyotolewa, pamoja na jina la cheo cha aliyeitoa na tarehe aliyosema itatimizwa. Kwa maoni yangu, daftari la namna hiyo lina faida kubwa kuliko risala yoyote mnayoweza kuiandaa, kwa sababu katika mkutano unaofuata mtauliza juu ya jambo lililokwisha kusemwa hadharani, wala hamtaonekana mmekuja kuwafundisha watu maisha yao.

Kisha chagueni jambo moja. Mfano unaofaa sana wanafunzi ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama lishe anayewapikia ugali na maharage kila mchana huenda ameisikia mikopo hiyo redioni, lakini akakwama kwenye katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukaa na kikundi chake jioni kadhaa wakapanga hesabu, na mwingine akawasindikiza hadi kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kalamu lakini ishikwe na wanakikundi wenyewe, kwa kuwa ninyi mtaondoka likizo ndefu ikifika na wao ndio watakaobaki na marejesho ya mkopo.

Mkihitaji taarifa iliyo katika ofisi ya umma, ombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Likitokea shauri la mirathi, kipigo cha ndani ya nyumba au mgogoro wa kiwanja, wanafunzi wa sheria wasijifanye mawakili. Wamwelekeze mhusika kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kuhusu makao ya watoto, pigeni simu kwanza mwulize kinachopungua, kwani huenda watoto wana sabuni za kutosha na hawana mtu wa kuwafundisha hesabu. Msipige picha nyuso za watoto. Fedha za michango ziwe na wasimamizi wawili, na stakabadhi zibandikwe mahali ambapo kila mchangiaji ataziona.

Wanafunzi wa Dodoma wana nafasi moja zaidi, nayo ni Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na kamati za Bunge huwaita wadau kutoa maoni juu ya miswada. Someni muswada mmoja unaohusu jambo mnalolifuatilia, mwandike kurasa mbili zisizo na mapambo, mkieleza kifungu gani kinamgusa nani katika mtaa wenu na mnapendekeza kisomeke vipi. Kazi hiyo ianze mapema muhula wa pili, kabla mitihani haijawatawanya, na daftari la mikutano akabidhiwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili ambaye atakuwa bado anaishi mtaani hapo mwaka unaofuata.